Mwanyumba Anavyofunika Karata

Jumamosi, 28 Februari

Nimeshindwa tena. Si kitu. Kushindwa nimezoea. Kinachonila roho ni mwanyumba wangu naye kashindwa, halafu kapigiwa makofi!

Niandike vizuri ili siku moja nikisoma nisidhani nimezua. Sisi tumeoa ndugu wawili, mimi dada mtu, yeye mdogo mtu. Mimi fundi cherehani, yeye fundi miwani. Kila Jumamosi mchana tunacheza poka chumba cha nyuma cha Kinyozi, watu wanne: Kinyozi mwenyewe, Mwalimu Mstaafu, mwanyumba, na mimi. Hatuchezei pesa. Tunachezea vifungo, na vifungo vyote vimetoka kwenye kopo langu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunishukuru kwa hilo.

Leo mwanyumba alimfuata Kinyozi hadi mwisho, dau kwa dau. Kinyozi akafunua karata zake. Mwanyumba akazitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena. Kisha akatelezesha karata zake chini, zimefunikwa, kwa kidole kimoja. Akasema, “Zako nzuri.” Basi! Kinyozi akapiga makofi na kusema huyo ndiye mtu anayejua kushindwa.

Mimi raundi iliyofuata nilishindwa pia. Nikafunua zangu zote tano, nikawaeleza moja baada ya moja jinsi nilivyobakiza karata moja tu niwamalize. Mwalimu akapiga miayo. Kinyozi akaenda kujisaidia nikiwa kwenye karata ya tatu.

Nimefika nyumbani, mke wangu keshasimuliwa yote na mdogo wake kwa simu. Kaniuliza kwa nini na mimi nisishindwe kama shemeji yake. Nimelala sebuleni. Kwa hiari yangu.

Jumapili, 1 Machi

Jumamosi ijayo ndiyo ya kiti. Anayeongoza siku hiyo anakalia kiti cha mikono mwaka mzima. Ni kiti cha zamani cha Kinyozi, cha ngozi nyekundu, kinazunguka. Wengine tunakaa kwenye benchi lenye msumari. Mwanyumba kakikalia mwaka jana wote, na hata kuzunguka hakuzunguka! Kakaa tu, katulia, kama vile alizaliwa nacho.

Nakitaka kiti hicho kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote, ukiacha mke wangu, na siku hizi hata hapo nasita.

Mpango wa kwanza: nijifunze kufunika karata. Kama ni kidole kimoja na mimi ninacho.

Jumanne, 3 Machi

Nimefanya mazoezi kiwandani kwangu tangu asubuhi. Nakaa mbele ya cherehani, natazama karata, natabasamu, natelezesha. Mara ya kumi zilianza kwenda vizuri. Mara ya kumi na moja mteja akaingia, mguu ukakanyaga pedali, na mfalme wa kopa akaingia chini ya sindano. Nimemshona kwenye mkanda wa suruali. Mteja kauliza hiyo ni mitindo mipya? Nikasema ndiyo. Kasema hataki. Nimefumua saa nzima.

Halafu nimegundua jambo baya zaidi. Ukifunika bila miwani ya kufuta, unaonekana umekasirika tu.

Mpango huo nimeuacha. Kama siwezi kufunika kama yeye, basi yeye nitamfunua. Mtu hawezi kushindwa kila mara akiwa mtulivu hivyo. Kuna kitu anaficha. Nadhani anacheza vibaya mno. Nadhani anafuata watu hadi mwisho na takataka mkononi, halafu anajificha nyuma ya uungwana. Siku watu watakapoziona karata zake, makofi yataisha.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu Mstaafu. Yeye ndiye kitabu chetu cha sheria. Nimempelekea gauni lake nililopunguza, bila malipo, na nikamwamkia mara mbili.

Nikamuuliza kwa upole kama mtu anaweza kudai kuona karata zilizofunikwa. Akaniambia haki hiyo ipo. Aliyepandisha dau mwisho hufunua kwanza. Wengine wakiona wamezidiwa, wana ruhusa kufunika, ila yeyote aliyekuwa mezani anaweza kuomba zionyeshwe. Lakini, akasema huku kaninyooshea kidole, haki hiyo iliwekwa kwa ajili ya kukamata wanaokula njama. Kuitumia kwa umbea ni sawa na kuingia jikoni kwa mwenzio na kufunua chungu kuona anapika nini. Miaka tisa tumecheza, hakuna aliyewahi kuomba.

Akasema sheria hiyo ina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo muhimu zaidi. Sikuingoja. Nilishapata nilichokifuata. Nikamwambia nimeacha pasi motoni.

Jioni mke wangu kaniuliza, kwa sauti ya taratibu ambayo sijaisikia tangu mwaka jana, kama kweli nakitaka kile kiti kiasi hicho. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia nimechoka kuwa mtu wa benchi, na ningependa mara moja tu watu wamtazame mwanyumba kisha wanitazame mimi. Baadaye nikamsikia anaongea na mdogo wake kwa simu, chumbani, mlango kaufunga. Mambo ya vitambaa bila shaka.

Jumamosi, 7 Machi

Sitaki kuyaandika. Naandika hivyo hivyo.

Raundi ya mwisho tulibaki mimi na mwanyumba, vifungo vyetu karibu sawa. Atakayeshinda hapo, kiti chake. Nilikuwa na jozi mbili, wafalme na tisa. Nikapandisha dau. Akanifuata. Nikafunua.

Akazitazama. Akafuta miwani. Akatelezesha zake kwa kidole kile kile, zikalala kando ya rundo zimefunikwa. Akasema, “Zako nzuri, mwanyumba. Hongera.”

Nimeshinda! Nilinyanyuka, naye akanipisha kwenye kiti. Nilikuwa nusu nimekaa, tako moja tayari liko kwenye ngozi nyekundu, linasikia ubaridi wake. Hapo Kinyozi akafungua mdomo. Hakusema hongera fundi. Alimshika mwanyumba bega na kusema, “Kupoteza kiti namna hii, bila neno! Wewe ni mtu.” Na Mwalimu akaitikia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwamba wengine tujifunze.

Wengine tujifunze! Nimeshinda mimi, anasifiwa yeye!

Nikasema, “Naomba kuona karata zake.”

Maji ya bomba la Kinyozi yakasikika yakidondoka. Mwalimu akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akasema fundi, fikiri, wewe ndiye umeshinda. Nikasema haki ni haki. Mwanyumba naye akaingilia, uso umembadilika, akaniomba niziache. Kaniomba! Akaweka na kiganja juu ya karata. Jinsi alivyozidi kuomba ndivyo nilivyozidi kuona takataka iliyo chini ya kiganja kile. Nikapiga meza, vifungo vikaruka.

Mwalimu akazifunua mwenyewe.

Saba. Saba. Saba. Na mbili zisizo na maana.

Saba tatu zinakula jozi mbili. Hata mtoto anajua.

Ndipo nikasomewa sehemu ya pili. Akiomba mtu mwingine, karata zilizofunikwa huonyeshwa tu, zimekufa. Lakini mshindi mwenyewe akiomba, zinafufuka, na zikiwa bora zinashinda. Mwalimu akasema alitaka kuniambia Alhamisi, ila pasi yangu ilikuwa motoni.

Nikaondoa tako.

Jumapili, 8 Machi

Mke wangu kakiri. Ile simu haikuwa ya vitambaa. Alimwomba mdogo wake amwombe mumewe aniachie, ikitokea nafasi, ili nyumba ipate amani. Mwanyumba akakubali bila kuuliza hata swali. Mke wangu kalia kidogo. Kasema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nimekwenda mbali zaidi, nimeomba na ngazi iondolewe.

Ningefurahi kwamba amenitakia mema. Nimejaribu kufurahi, toka saa tatu hadi saa nne. Sikuweza. Ninachokiona ni hiki: mtu huyu alikuwa ameshinda, akajifanya kashindwa, na akashindwa vizuri kuliko mimi ninavyoshinda. Wivu umenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mchana kapiga simu. Kasema hawezi kukalia kiti kwa namna ile, turudie Jumamosi ijayo. Wote wamekubali. Wote wamesema ana moyo wa pekee. Bila shaka wamesema!

Jumatano, 11 Machi

Nimekwenda dukani kwake kununua miwani. Kanipima, kanisomesha herufi hadi zile ndogo za chini kabisa. Kasema macho yangu hayana tatizo lolote. Nikasema nina haki ya kuwa nalo. Akanitengenezea miwani ya vioo vitupu. Kakataa malipo. Kanitilia na kitambaa cha kufutia.

Halafu akanisimamisha mlangoni na kunipa maneno ya ajabu. Kasema hafuniki kwa uungwana. Anafunika kwa aibu, kwa sababu mara nyingi anashika vibaya na hataki tumjue. Kasema hufuta miwani kwa kuwa mikono inamtetemeka, lazima aipe kazi. Kasema ananionea wivu mimi, ninayeweka karata zangu mezani zote tano, mbaya kwa nzuri, na siogopi mtu kuziona.

Anionee wivu mimi! Nikamwambia asinifunge kamba. Nikatoka na miwani yangu.

Mpango ni huu, na nauandika kwa wino. Nikipata karata bora, sizifunui. Namwacha mwanyumba apandishe dau mwisho, afunue kwanza. Mimi nafuta miwani, natelezesha, nasema zako nzuri. Yeye ndiye mshindi. Ataona karata zangu zimelala pale, zimefunikwa. Ataomba kuziona. Ataweza vipi asiombe? Mimi niliomba. Mtu yeyote mwenye damu angeomba. Na mshindi akiomba, karata zinafufuka! Nitapata kiti, na nitapata sifa ya mtu aliyekuwa radhi kukiacha. Vyote viwili kwa kidole kimoja.

Jumamosi, 14 Machi

Raundi ya mwisho. Mimi na mwanyumba tena. Nikageuza karata zangu taratibu.

Nane. Nane. Bibi wa uru. Nane. Nane.

Nane nne! Miaka tisa sijawahi kushika nne za kitu chochote. Nilihisi masikio yanapata moto. Mwanyumba akapandisha dau, vifungo vyote alivyobakiza. Nikamfuata. Akafunua. Jozi mbili. Jozi mbili tu!

Nikavua miwani. Nikafuta kioo cha kulia, nikafuta cha kushoto. Nikavaa. Nikatelezesha, laini, hata Mwalimu akanyanyua nyusi. Nikasema, “Zako nzuri.”

Nikangoja aombe.

Mwanyumba akanitazama. Akazitazama karata zangu. Nikamsaidia kwa kuzitazama na mimi. Nikakohoa. Nikasema mtu akitaka kitu katika dunia hii ni vizuri aseme. Akatabasamu na kusema hapana mwanyumba, hawezi kunifanyia hivyo. Mwalimu akaongeza kwamba baada ya yaliyotokea wiki iliyopita wao watatu wamekubaliana, kwa heshima yangu, kwamba katika meza hii hakuna tena atakayeomba kuona karata za mtu. Akanyoosha mkono, akazoa nane zangu nne pamoja na rundo, akazichanganya. Nilimwona bibi wa uru akipita, akazama.

Kisha Kinyozi akaanza kupiga makofi. Akafuata Mwalimu. Mwanyumba akasimama, kanikumbatia, akasema hajapata kuona mtu akishindwa vizuri hivyo. Wakanipigia makofi mimi! Watu wote watatu! Nikabaki nimesimama, machozi yananitoka, nao wakadhani ni furaha. Kidogo ilikuwa furaha.

Mwanyumba kakalia kiti. Safari hii kazunguka.

Nyumbani mke wangu kanipokea mlangoni, habari imemfikia. Kaniambia anajivunia mimi. Nikamwambia nilikuwa na nane nne. Kanishika shavu na kusema basi mume wangu, ulikuwa umefanya vizuri, usiharibu.

Nimekaa na kutafakari kosa liko wapi, na nimelipata. Nilifunika mno. Jumamosi ijayo, nikitelezesha, nitaacha pembe ya karata moja ionekane.