Nilivyompigia Shemeji Makofi Ustawi wa Jamii

Jamani, leo nimejichoresha mbele ya serikali.

Naandika polepole, mnivumilie.

Mnajua dada yangu Mwajuma anaachana na mumewe, shemeji Hamisi, yule anayeuza spea za magari mtaa wa Gerezani. Wana mtoto mmoja, Tausi, anaanza darasa la kwanza mwakani. Hawajapigana, hawajatukanana. Wamechokana tu. (Mimi shemeji sijamchoka. Ndiye aliyenipa mtaji wa kuuza nguo za watoto hapa Kariakoo. Lakini hakuna aliyeniuliza.)

Asubuhi walikuwa na kikao ofisi ya ustawi wa jamii, wakubaliane matunzo ya Tausi kwa mwezi. Dada aliruhusiwa kwenda na ndugu mmoja wa kumsemea. Akanichagua mimi. Mimi! Mtu ambaye nikisalimiwa ghafla nasahau jina langu.

"Dada, mchukue mama mdogo."

"Mama mdogo atamtukana Hamisi. Wewe ndiye unajua bei za vitu vya watoto. Mimi nikifungua mdomo nitalia, na sitaki anione nalia."

Basi. Njiani tukapanga mambo Kikariakoo. Huku hakuna anayetaja bei anayoitaka. Unapandisha, mwenzako anashusha, mnakutana katikati. Dada alikuwa anataka laki moja na nusu. Ikipungua hapo, alisema, hatamudu, itabidi Tausi apelekwe Lindi kwa bibi yake. Mtoto huyo akitoka kwetu nyumba itakuwa godauni. Nikiangalia mpira ananilalia begani, na timu anaipenda ile inayofungwa.

"Anza na laki mbili na nusu," dada akasema. "Usishuke mpaka nikufinye."

Nikawa nairudia kimoyomoyo njia nzima.

Afisa alikuwa mama mmoja mpole, miwani imeshuka puani. Shikamoo, marahaba, karibuni. Shemeji alikuwa ameshafika, kavaa shati la Idi. Tausi akakaa kwenye benchi mlangoni na juisi kubwa aliyoletewa na baba yake. Akainywa yote.

"Haya, upande wa mama," afisa akasema. "Mmekadiria kiasi gani kwa mwezi?"

Dada akaniangalia. Nikaangalia stepla.

"Laki mbili na nusu," nikaiambia stepla.

Shemeji akatazama dari. Akashusha pumzi. Halafu akasimama, akageukia mlango.

Sasa nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Mimi nashinda juani nauza nguo. Mteja akitajiwa bei, akatazama juu, akashusha pumzi, akageuka, huyo anaondoka. Una muda wa kupepesa macho tu kumrudisha. Hapo aibu inanitoka yote, sijui huwa inaenda wapi. Mdomo unafanya kazi wenyewe.

Nikapiga makofi.

"Bosi! Bosi wangu, usiondoke! Rudi tuongee!"

Shemeji akasita.

"Hiyo bei ya kuanzia tu! Kwani wewe una ngapi? Haya, lete laki na themanini! Basi, laki na nusu!"

Dada akanifinya. (Si tulikubaliana? Akifinya, nashuka.)

"Laki na ishirini!"

Akanifinya tena, safari hii kwa kucha.

"Laki moja, bosi! Nifungulie biashara asubuhi hii! Na soksi nakupa bure!"

Nilikuwa nimeshaliruka benchi letu, nimemshika shemeji mkono wa shati. Mlangoni watu wa ofisi ya jirani wanachungulia. Katikati yao Tausi, kabana miguu, anacheza kama yuko juu ya bati la moto.

"Baba, mkojo."

Kumbe alikuwa anamwonyesha baba yake ishara muda wote. Shemeji alikuwa haondoki popote!

"Shemeji," akaniambia taratibu, "niachie shati nimpeleke mtoto chooni."

Wakaenda. Afisa akaficha uso nyuma ya faili, mabega yanamcheza. Dada akanisogelea sikioni.

"Soksi," akanong'ona. "Mwanangu umemfungia na soksi."

Nilikuwa namwona Tausi kwenye basi la Lindi na kibegi chake, ananipungia mkono. Laki moja imeshanitoka mdomoni, afisa kaisikia, mlango mzima umeisikia. Na bei ukishaishusha mbele ya mteja, utaipandisha kwa uso gani?

Shemeji akarudi amembeba mtoto. Akakaa.

"Haya, baba Tausi," afisa akasema, anafuta miwani. "Wenzako wamefika laki moja. Unasemaje?"

Shemeji akaniangalia. Mimi nikaangalia sakafu.

"Mama, huyu kijana biashara nilimfundisha mimi," akasema. "Nilimwambia asikimbilie kushusha, kwanza aangalie mteja anaelekea wapi. Hakunisikia." Akampakata Tausi vizuri. "Laki mbili na nusu sina, huo ndio ukweli. Lakini mwanangu simchukui kwa bei ya kutupa. Andika laki mbili. Na sare za shule nanunua mimi, nanunua kwa huyuhuyu, bei yake kamili."

Dada akacheka. Akacheka mpaka akajifunika mdomo, halafu machozi yakamtoka palepale mbele ya mtu ambaye hakutaka amwone. Shemeji akamsogezea leso. Nikajua wamerudiana! (Hawajarudiana. Talaka iko palepale. Ila wametoka nje wanaongea kama watu, na hilo sijaliona siku nyingi.)

Mimi nikatoka wa mwisho, nimeinama. Mmoja wa wale wachunguliaji akanigusa bega: "Bosi, mimi unanipunguzia ngapi?"

Sasa hivi shemeji ameshafika Gerezani na ameshasimulia. Nimepigiwa simu na watu hata siwajui, wanapiga makofi tu na kukata.

Sawa. Tausi haendi Lindi. Mnaotaka kucheka, chekeni leo mkiwa kwenu. Kesho mezani kwangu nataka wanunuzi tu.