Ndege ya Mwanangu Inakohoa

Jumatatu, 1 Septemba

Ndege ya Taufiki imewaka! Salamu baadaye, daftari, leo sina subira. Mwanangu wa kumzaa, fundi wa mashine za boti, kaunda ndege ya watu wawili kwa mikono yake. Miaka minne, chini ya banda la makuti hapahapa Kilindoni. Mimi darasa la saba. Yeye ndege.

Ilinguruma dakika tano. Kisha mshale wa presha ya mafuta ukashuka, ndege ikakohoa, ikazima. Tukangoja. Ikawaka tena kama haijafanya kitu. Ikakohoa tena.

Jirani yangu Biubwa alikuwepo. Akasema hata jogoo hupiga mabawa. Mwanawe Ussi ana boti, basi mtaa mzima hatupumui. Nimewaambia wote pale mnadani kwamba Jumapili waje kutazama. Taufiki ameniomba nisimwambie mtu. Nimemwitikia.

Ya mahasidi siyaogopi. Juzi nimeikinga. Mvuje kidogo, ile dawa ya kunuka inayofukuza jicho baya, kitambaa cheusi, fundo, kama nilivyomfunga Taufiki mkononi siku yake ya arobaini. Ndege haina mkono. Nikautumbukiza ndani ya tangi la mafuta, msomi wangu asije akauona akautupa.

Jumanne, 2 Septemba

Kuchoka. Kutwa nimesimama bandani kushika bisibisi.

Taufiki kafungua chujio la mafuta. Safi. Kabadilisha pampu. Dakika saba, mshale chini. Ukiiacha ipumzike, inapona. Anasema hitilafu ya kuja na kuondoka ndiyo mbaya kuliko zote, maana ukiitafuta haipo. Kama homa ya vipindi, nikamwambia.

Jumamosi anakuja mkaguzi kutoka Dar. Mashine isipokwenda nusu saa bila kukohoa, hakuna kibali. Na Ussi kashasema kibali kikikosekana atainunua mashine, aifunge kwenye boti yake. Miaka minne ya mwanangu ikavute nyavu!

Mimi najua ni jicho la nani. Nimempelekea Biubwa habari kwamba dada yake wa Juani anamuulizia sana. Kesho anavuka.

Jumatano, 3 Septemba

Biubwa yuko Juani. Mshale umeshuka vilevile. Jicho linavuka bahari.

Nimeongeza mvuje. Fundo la pili, kubwa zaidi. Lilikataa kuingia, nikalisukuma kwa mwiko.

Alasiri ndege haikumaliza hata dakika mbili. Taufiki akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu, macho yamemwingia ndani. Nikampelekea uji. Kaniambia labda mashine za boti zinamtosha. Mtoto niliyemsomesha kwa kusuka makuti! Nimemkataza kusema hivyo tena.

Magharibi Biubwa karudi. Dada yake alifurahi mno kumwona, walikuwa hawajaonana tangu Idi. Kaniletea pweza mzima. Mtu ukitaka kumchukia, anakuletea pweza.

Alhamisi, 4 Septemba

Sitaki kuandika, lakini naandika.

Husna, mkewe Taufiki, ni mtu wa Chole, maneno yake ya kuhesabu. Leo kayatumia. Kamwambia mumewe: umefungua kila kitu kuanzia chujio kwenda mbele, hebu tuanze nyuma. Wakaufungua mpira wa mafuta pale unapotoka kwenye tangi, wakauelekeza ndooni. Petroli ikabubujika. Ikapungua. Tone. Tone. Ikakata. Wakangoja, ikabubujika tena.

Husna akasema kuna kitu ndani, kinavutwa kinaziba mdomo, kikiachwa kinajiondokea.

Nikasema nakwenda kutazama wali. Biubwa akanikumbusha kwamba wali ulishaiva.

Wakamwaga petroli yote, wakangoja. Husna akakunja ncha ya waya, akachokoa humo kama anayemtoa pweza pangoni. Likatoka fundo jeusi. Akachokoa tena. Likatoka la pili, na kipande cha mwiko.

Taufiki akanusa. Harufu ya mvuje mtu haisahau. Akaniuliza, taratibu kabisa, kama na yeye nilimfunga hivihivi. Nikamjibu ndiyo, na mbona amekua. Akacheka mpaka akafuta macho, sijui kwa kucheka au kwa uchovu.

Nikaona bora niungame yote, hata ile habari ya Juani niliyoizua. Biubwa akasema, "Shoga, jicho langu lingekuwa na nguvu hiyo, ningeanza na mume wangu."

Taufiki kaniapisha: ndani ya tangi, petroli tu. Nimeapa.

Jumamosi, 6 Septemba

Nusu saa na dakika kumi! Mshale umetulia kama msumari. Mkaguzi katia saini. Kesho ndege itakimbia uwanjani, chini tu, kuruka bado. Taufiki amesisitiza bado. Mimi watu wa Bweni nimewaambia inakwenda Dar na kurudi, la sivyo nani atatoka Bweni kwa barabara ile?

Miguu inaniuma. Nazi ishirini nimekuna. Biubwa kanisaidia kumi, na kila nazi kanisifia Husna.

Umati wote ule, macho yote yale, na mwanangu mtupu, hana kinga? Kiapo nimekishika, tangini sijatia kitu. Ila mbele kuna bomba ambalo mashine hupumulia hewa. Kwa hilo hatukuapishana. Fundo la tatu limekaa humo vizuri, limebana.

Basi Jumapili, saa tatu asubuhi. Chole, Juani, Bweni, wote wanakuja.