Baba Anayecheka, Mita Mbili kwa Tatu

Jumatatu, 2 Juni

Mdomo wangu utaniua. Mama anatimiza miaka sabini Jumamosi, na leo tulikuwa na kikao cha familia sebuleni kwake. Mume wa dada yangu, tunayemwita Profesa kwa kuwa hajawahi kutamka "sijui", akasema ataleta keki ya ghorofa tatu. Makofi. Nikaona naachwa nyuma. Nikasimama, nikatangaza kwamba mimi nitaleta picha ya marehemu Baba, mita mbili kwa tatu, itundikwe kwenye ukumbi wa sherehe. Makofi zaidi!

Mama peke yake hakupiga. Aliniangalia tu, akauliza kwa sauti ndogo, "Ile anayocheka?"

Nikasema ndiyo, Mama, ile ile.

Ipo moja tu. Kwenye nyingine zote Baba amesimama kama anasubiri sindano. Kwenye hii kaegemea baiskeli, pengo la mbele liko nje, anacheka mpaka macho yamefumba. Ninayo kwenye simu. Inaonekana safi kabisa. Kazi ndogo.

Jumanne, 3 Juni

Si kazi ndogo.

Fundi wa mabango, mama mwenye miwani moja machoni na nyingine kichwani, aliifungua picha kwenye kompyuta yake. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akasema imerushwa kwenye simu za watu mpaka imenyauka, imebaki na nukta mia mbili kwa mia tatu. Kwenye bango la mita mbili, kila nukta itatoka pana kama ukucha. Nimpelekee ile ya karatasi aiskani, shughuli iishe.

Ya karatasi iko kwa Profesa, kwenye kabati lake la vioo. Dada aliichukua baada ya msiba. Nimwombe Profesa? Mimi? Anikalishe chini anifundishe historia ya kamera? Bora niubebe ukumbi kichwani.

Nimerudi nyumbani nikapata akili. Kwenye kompyuta kuna kisanduku cha kuandika ukubwa. Palipoandikwa 200 nikaweka 20,000. Kompyuta ikahema, ikapata moto, ikakubali. Nimekimbia kwa fundi na ushindi wangu. Ameangalia mara moja.

"Kaka, hapa umeongeza maji kwenye chai. Majani ni yale yale."

Jeuri ya mafundi!

Jumatano, 4 Juni

Njia mpya. Mimi ni mtunza stoo wa shule, na stoo yangu imepakana na chumba cha mashine ya fotokopi. Walimu walipokwenda mapumziko niliikuza picha mara mbili, nikaikuza ile iliyokuzwa, kisha nikaikuza tena, kipande kwa kipande. Nia ilikuwa kuunganisha kwa gundi.

Pua ya Baba imejaza karatasi nzima. Ukiipindua ni ramani ya kisiwa. Sikio sijaliona mpaka sasa.

Saa nane mwalimu mkuu aliniita. Alitaka kujua kwa nini mtihani wa Jiografia, uliochapwa baada yangu, una tundu la pua kwenye ukurasa wa pili, na kwa nini wanafunzi wawili wamelitaja kuwa volkano. Nikasema mashine imezeeka.

Alhamisi, 5 Juni

Kuna programu ya simu inayosafisha sura. Unaiwekea ukungu, inakurudishia mtu. Nikaweka Baba.

Imerudisha mtu, kweli. Kijana mtanashati, nyusi zimechongwa, meno thelathini na mawili bila hata pengo. Baiskeli imeota gurudumu la tatu. Nikamwonyesha mke wangu. Akaniuliza huyu ni nani, na kama ameoa.

Kisha akaacha utani. Akasema nimpigie shemeji yangu, niombe picha, dakika tano tu. Nikamwambia kuna mambo ya wanaume hawezi kuyaelewa. Akasema anayaelewa vizuri sana, ndiyo maana anachoka.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kwa Profesa saa ambayo huwa kazini. Nilimwambia dada nimekuja kuazima ngazi. Alipoingia jikoni kuchemsha chai, nikasogea kwenye kabati na simu yangu. Limefungwa! Nikapiga kupitia kioo. Mwanga wa simu umepiga kama radi kwenye tumbo la Baba, na penye uso wake upo uso wangu, mdomo wazi.

Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Profesa. Akauliza kama kuna kitu nataka. Nikasema nasifia mbao za kabati. Basi! Nimekaa saa nzima nikifundishwa mbao. Mwishoni akauliza, taratibu, kama sihitaji picha yoyote. Nikasema picha? Picha gani?

Nimetembea mpaka nyumbani na ngazi ya hatua kumi na mbili begani. Kisha nikaenda kwa fundi, nikamwambia achape hiyo hiyo ndogo. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara ya tatu nikamwekea hela mezani.

Jumamosi, 7 Juni

Bango limetundikwa saa nne. Ukisimama mbele yake huoni mtu. Vigae! Vya kahawia, vya kijivu, vingine rangi ya uji. Profesa akaja, mikono nyuma, akauliza hivi vigae nimevitoa bafu gani. Wajomba wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Mama akaingia, kwa mlango wa mbali kabisa, kashikwa mkono na dada. Akasimama. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Huyo hapo," akasema. "Anacheka."

Nikatembea mpaka pale mlangoni, nikageuka. Vigae havikuwepo. Alikuwepo Baba, na baiskeli, na pengo lake.

Mama alikataa meza kuu. Akataka kiti kiwekwe pale pale mlangoni, akalia hapo hapo, akala hapo hapo. Mimi nilitoka nje kidogo, kukagua geti.

Profesa alinifuata. Akanieleza kwamba ukiwa mbali jicho linaziunganisha nukta lenyewe. Nilimwacha aeleze. Kisha akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti: ile ya karatasi. Alikuwa nayo tangu jana, anasubiri niombe.

Jumapili, 8 Juni

Mama anataka nakala ndogo ya kuweka kando ya kitanda, ya kushika mkononi. Profesa amekuja mwenyewe asubuhi kuniachia bahasha, eti niipeleke kwa fundi. Nimemrudishia mlangoni, haijafunguliwa. Nimemwambia asante, shemeji, familia hii tayari ina mtaalamu wa picha.

Mchana nimerudi ukumbini, nikasimama pale pale mlangoni, nikalipiga bango kwa simu. Nimemtumia fundi. Kukuza kulimshinda, sasa nampa kupunguza.

Amenipigia mara nne. Sipokei. Ana wivu.