Kuhusu Mdogo Wangu Kunikalisha Juu ya Sanduku la Spana

Kwa Mheshimiwa Mhandisi Mkuu wa Njia ya Reli,
Makao Makuu, ghorofa ya tatu, mlango wenye kapeti.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima hapo ofisini penye feni. Huku kwetu, kwenye kibanda cha zana kando ya njia, feni hakuna, ila mlango ukiachwa wazi upepo wa treni unatusaidia mara mbili kwa siku.

Mimi ni mhandisi. Nalisema mapema kwa sababu huku hakuna mwingine anayelisema. Niliingia katika shirika lako kupitia njia ya wahitimu, nikiwa na shahada ya uhandisi, daraja la kwanza, na picha ya joho ambayo mama ameitundika sebuleni, kubwa kuliko televisheni. Kwa utaratibu wenu, mhitimu hukaa miezi sita na genge la njia kabla ya kupewa meza. Miezi yangu inaisha leo saa kumi jioni. Imebaki saini moja tu ya fundi msimamizi kwenye kitabu changu cha mafunzo. Nikiikosa, narudia miezi sita mingine na meza anapewa mtu mwingine. Fundi huyo amekataa kutia saini. Amenikalisha juu ya sanduku la spana nizitazame reli, kisha akaenda zake.

Fundi huyo ni mdogo wangu. Ndiyo, mheshimiwa, kitinda mimba wa mama yangu mzazi, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kufunga kamba za viatu.

Nimekaa juu ya lile sanduku saa moja na nusu, nikainuka, nikaja kibandani kukuandikia. Sasa ni saa nne na nusu asubuhi na maji yamenifika shingoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alipitia mlango wa nyuma. Alipomaliza kidato cha nne, mimi nikiwa chuoni, alijiunga na karakana yenu kama mwanagenzi. Nyumbani tulimhurumia sana. Kwa miaka minne alirudi na mikono myeusi kwa grisi, akasinzia kwenye kochi buti zikiwa bado miguuni, wakati mimi nasoma kwa bidii vitabu vinavyoeleza kazi aliyokuwa ametoka kuifanya. Mwishowe akapewa cheti. Mama alikitundika kwenye korido, karibu na mita ya umeme, kwenye msumari ambao tayari ulikuwa na mwavuli. Hakuna aliyelalamika, hata yeye mwenyewe. Sasa nauliza kwa adabu: mtu ambaye cheti chake kinagombania msumari na mwavuli, anakuwaje bosi wangu?

2. Majina. Yeye genge zima linamwita Spana, kwa heshima. Mimi linaniita Joho. Siku ya kwanza niliwaonyesha ile picha kwenye simu, nikidhani ndivyo watu wanavyojitambulisha kazini. Yupo mzee mmoja hapa, wanamwita Babu Kokoto kwa kuwa amezishindilia kokoto chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, kwa miaka thelathini. Aliitazama picha kwa makini, akauliza kama nguo ile inazuia mvua. Kuanzia hapo nimekuwa Joho hata kwenye orodha ya mahudhurio. Naomba orodha irekebishwe kwa wino.

3. Elimu inadharauliwa waziwazi. Kila asubuhi, kabla ya kusema na mtu yeyote, Spana huinama na kuweka kiganja juu ya reli kana kwamba anampima mtoto homa. Kisha hubandika kipimajoto chenye sumaku ubavuni mwa reli na kusubiri. Nimemweleza zaidi ya mara tatu kwamba siku hizi joto lipo kwenye simu, tena na picha ya jua. Akanijibu kwamba simu inajua joto la mjini, haijui joto la chuma. Nikaona hayo ni maneno ya watu wa karakana, nikamsamehe.

4. Sasa njoo kwenye la leo. Mheshimiwa unajua kwamba reli zikiunganishwa kichwa kwa kichwa huachiwa mwanya, ili jua likiwaka chuma kipate pa kutanukia. Nilipewa viungo kumi na vinne nivirekebishe kwa mahesabu yangu mwenyewe, hapa bondeni ambapo jua huchelewa kufika na asubuhi umande unalowesha buti. Ndio ulikuwa mtihani wangu wa mwisho. Simu ikaniambia leo ni digrii thelathini na nne. Nikakokotoa. Kurasa mbili, hakuna hata neno lililofutwa! Jibu likatoka mwanya wa milimita tatu, na genge likafunga boliti kama nilivyoagiza. Spana akaja na kile kipimajoto chake, kikasoma kumi na tisa. Akayapitia mahesabu yangu mstari kwa mstari, akasema ni mazuri sana. Halafu akanionyesha sanduku la spana, akaniambia nikae pale hadi saa sita nivitazame viungo vyangu. Basi! Hakusema kosa liko wapi, wala kama lipo. Huo ni ualimu gani? Chuoni ukikosea unazungushiwa wino mwekundu, unajua moja.

5. Bendera. Kabla hajaniacha alichomeka bendera nyekundu pande zote mbili za kazi yangu, akapiga simu stesheni treni zisiruhusiwe kupita hadi aseme yeye. Yaani mimi nimekuwa ajali inayosubiriwa! Na treni ya saa sita na nusu imembeba mama. Amefunga duka lake la vitambaa, amekodi kamera yenye mdomo mrefu, anakuja kunipiga picha siku ninayopewa meza. Wateja wake wote wameshaambiwa, na wengine wameshapewa tarehe ya kuja kuiona hiyo picha. Nilimkumbusha Spana kwamba mama yumo ndani ya treni hiyo. Akanijibu kwamba ndiyo maana. Jibu hilo sijalielewa mpaka sasa, na sioni kama ni adabu kwa mzazi.

6. Hanisalimu. Nimemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitano, na sikio halizidi kichwa. Lakini kila asubuhi, badala ya shikamoo, ananiambia nivae helmeti.

7. Genge hili lina desturi ambayo sijaiona katika kitabu chochote. Aliyekifunga kiungo ndiye anayesimama kando yake wakati treni ya kwanza inapita, spana mkononi. Jua liwake, mvua inyeshe, atasimama. Nilipouliza faida yake, Babu Kokoto alisema ni ili mkono ukumbuke. Nimewashauri kwamba mhandisi anaweza kutuma taarifa ya maandishi badala ya kuupeleka mwili wake. Walinitazama wote kwa pamoja, kisha wakaendelea kunywa chai.

8. Ushahidi ninao. Leo saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya genge zima, nilichukua kitambulisho changu cha chuo nikakiingiza kwenye mwanya wa kiungo cha tisa. Kiliingia kikicheza, na nafasi ikabaki. Nimekiacha palepale makusudi, nusu yake ikichungulia juu ya reli na uso wangu ukiangalia njia, ili kila apitaye ajue kazi hii imefanywa na msomi. Hakuna aliyekigusa hadi sasa, dalili kwamba hoja yangu imewashinda.

Kwa hayo yote, mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Saini yangu utie wewe mwenyewe, maana wewe pia una shahada na tutaelewana. Spana apelekwe chuo kikuu kwa muda usiopungua miaka minne, ili hii tabia yake ya kujua mambo kabla ya kuyakokotoa ipungue. Kiganja kipigwe marufuku kama chombo cha kupimia. Njia ya uanagenzi ifungwe kwa miaka kumi hivi, kwa sababu vijana wanaingia wakiwa na miaka kumi na minane, na sisi tunapofika na mashahada yetu tunawakuta wameshazizoea reli na reli zimeshawazoea, na sisi tunaonekana wageni. Na ikithibitika kwamba reli zenyewe hazifuati mahesabu, basi ziandikiwe barua ya onyo, nakala kwa jua.

Natumaini ombi hili halitakusumbua. Nisalimie karani wako, mlinzi wa lango la mbele, mama anayefagia lile kapeti, na wahitimu wenzangu wote waliokwisha kupata meza. Waambie nakuja.

Wako mtiifu,
Mhandisi (shahada, daraja la kwanza)

Nyongeza, saa kumi na moja jioni.

Mheshimiwa, barua hii ningeichana, lakini nilikosa karatasi nikaiandika kwenye kitabu cha taarifa cha genge, na kila ukurasa una namba. Ukipungua mmoja tunaitwa sote kujieleza. Kwa hiyo isome tu, ila uimalizie na haya.

Saa sita kasoro robo nilikwenda kuchukua kitambulisho changu. Hakikutoka. Nilikivuta kwa vidole, nikakivuta kwa mikono miwili, nikakifuata na koleo. Wapi! Reli mbili zilikuwa zimekibana katikati na uso wangu umekunjamana. Nikakimbilia kiungo cha kumi, kimefumba. Cha kumi na moja, kimefumba. Vyote kumi na vinne havipitishi hata ukucha. Jua lilikuwa limeshafika bondeni, kiganja hakikai juu ya chuma, na reli zinasukumana hazina pa kwenda. Kati ya kiungo cha nane na cha tisa, ile njia yangu niliyoisifu kwa unyoofu ilikuwa imeanza kutoa kitambi.

Hapo ndipo nilipoliona kosa, bila wino mwekundu. Simu ilinipa joto la mjini la mchana. Mimi nilifunga reli ya bondeni asubuhi, ikiwa bado ya baridi, nikaiachia mwanya wa reli ambayo imeshapata moto. Ni sawa na kumnunulia mtoto kiatu cha kumbana siku ileile ya kumvalisha, wakati mguu bado unakua.

Nikakumbuka treni. Nikakumbuka mama. Wallahi nilianza kukimbia kuelekea stesheni nikipiga kelele, helmeti ikaanguka, na ndipo nikaiona mbele yangu ile bendera nyekundu niliyoilalamikia kwenye namba tano. Ilikuwa imesimama palepale tangu asubuhi. Nikaushika mti wake kwa mikono yote miwili, nikabaki nimeushika.

Niliporudi, Spana na genge walikuwa wameshajipanga kwenye viungo na spana zao, wakinisubiri mimi. Hawakuwa wamekwenda mbali. Hakuna aliyenicheka. Tulilegeza boliti, tukazivuta reli nyuma kwa jeki, kiungo kimoja kimoja, kwa karibu saa mbili, na safari hii kipimajoto nilikibandika mimi. Kitambulisho kilipochomoka Babu Kokoto alinikabidhi, akasema sasa nacho kimefanya kazi.

Treni iliruhusiwa kupita kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilisimama kando ya kiungo cha tisa, spana mkononi. Behewa la tatu lilipofika, mama alitoa kichwa dirishani na kamera yake, amekasirika, akataka kujua mbele ya abiria wote ni nani kati yetu aliyemweka juani saa mbili nzima. Nilifungua mdomo nijitaje. Spana akanitangulia. Akamwambia ni jua, mama. Genge zima likatazama chini, hata Babu Kokoto. Mheshimiwa, nililia, na usidhani lilikuwa jasho.

Saini sijaipata, na saa kumi imepita. Kwenye kitabu changu, mahali pa saini, ameandika maneno mawili: Amekaa. Ameona.

Kwa hiyo nafuta namba moja hadi tano, na saba na nane. Barua ya onyo kwa reli isitumwe. Meza mpe mwenzangu, na mimi naomba kwa maandishi miezi sita mingine, chini ya fundi huyuhuyu, hata kama kuna mwingine mwenye huruma zaidi. Njia ya uanagenzi iache wazi. Kama ningeweza kurudi nyuma ningeipitia na mimi.

Namba sita inabaki palepale. Mimi bado ni kaka yake.

Jumapili nakwenda nyumbani kumweleza mama ukweli kuhusu hilo jua. Nikimaliza, nitaupigilia mwavuli msumari wake, cheti cha Spana kibaki na wake.

Joho