Blanketi Zito la Mraru

Mablanketi matatu, kiatu kimoja cha kushoto, na siri ya biashara niliyoifungia kinywani tangu nianze kuuza mitumba hapa Voi. Hiyo ndiyo gharama ya asubuhi ya leo. Nimeijumlisha mara mbili, na mara ya pili imezidi, kwa sababu nilikuwa nimesahau kuhesabu uso wangu.

Jamani, leo nimevuliwa nguo nikiwa ndani ya buibui. (Si kwa maana hiyo. Someni kwanza.)

Mnamjua Hanne, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma. Kwa wasiomjua: ni msichana wa Denmaki, amekuja kujitolea pale kituo cha kulea ndovu wachanga waliopoteza mama zao, mpaka wakue wapate kurudi mbugani Tsavo. Kujitolea, nilivyoelezwa, ni kwamba alijilipia ndege, anajilipia chumba, anajilipia chakula, kisha anaamka alfajiri kwenda kuzoa mavi ya ndovu. Siku ya kwanza nilidhani Kiswahili chake ndicho kibovu.

"Wanakulipa ngapi, Hanne?"

"Hawanilipi, Mama. Mimi ndiye nalipa."

"Unalipa ili uzoe mavi?"

"Na kuosha chupa."

Nilimpandishia kodi jioni ile ile. (Baadaye nilimshushia. Kidogo.)

Sasa leo asubuhi chai yake imepoa mezani. Mtoto huyu hula mahamri sita, mimi ndiye mkaangaji, najua. Leo hata moja hakugusa. Nikamuuliza ana nini. Akasema neno moja: "Mraru."

Mraru ni ndovu mchanga, jike, aliyeokotwa kule Mraru kwenye barabara ya Taveta, amesimama peke yake hana hata wa kumfuata. Wakampa jina la mahali. Tangu aletwe hataki maziwa. Akionyeshwa chupa anageuza uso. Daktari wa wanyama amesema asiponyonya leo, kesho hatakuwa na nguvu ya kusimama, na ndovu mchanga akilala chini namna hiyo, haamki.

"Tunatundika blanketi kwenye kamba," Hanne akanieleza, "chupa tunaificha nyuma yake, ili adhani lile ni tumbo la mama. Wengine wote walikubali. Yeye hataki. Mzee Mghanga anasema labda blanketi ni jepesi."

Machozi yakawa yanamdondoka kwenye chai. Nami, Mungu anisamehe, katika maneno yote yale nililisikia moja tu. Blanketi.

Nilikuwa nimebakiwa na matatu, ya kijivu, mazito kama deni, yaliyokuja na mtumba kutoka nchi za baridi. Yamekaa kibandani miezi, maana ni nani wa Voi anayetaka blanketi la theluji? Nikayafunga kamba, nikaita bodaboda, tukapanda: dereva, mimi, mablanketi, Hanne. Njiani nikapiga hesabu. Mteja mwenye haraka, bidhaa isiyopatikana kwingine. Nikairudia hesabu tulipofika langoni. Ilikuwa tamu mara zote mbili.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mzaliwa wa Voi. Ndovu nimewaona maisha yangu yote, lakini kwa dirisha la basi, au kwa hadithi za mtu aliyevunjiwa ua lake. Sikuwahi kusimama karibu nao nikasikia pumzi yao. Tulipoingia, wale wakubwa kidogo walikuwa wanatoka bandani kwenda malishoni, wekundu kwa vumbi letu, mmoja nyuma ya mwenzake. Nilitarajia kishindo. Hakuna. Viumbe wakubwa vile, na wanatembea kama watu waliovua viatu mlangoni mwa msikiti. Mmoja akasimama mbele yangu. Akaninusa kuanzia mtandio mpaka kiatu, taratibu, hana pupa, kama mnunuzi anayejua bidhaa. Halafu akapita.

"Subhanallah," nikasema. Nikagundua nimenong'ona. (Mimi! Ambaye nikitaja bei pale sokoni wanasikia wa stesheni!)

Mraru alikuwa peke yake pembeni, mgongo kwenye ukuta wa mbao. Kimo chake hakipiti kiuno changu. Kope ndefu. Masikio membamba, jua likipita ndani yake unaona mishipa. Alikuwa anatazama chini tu, kama mtu aliyeambiwa asubiri hapa, na aliyemwambia hakurudi.

Ningetulia hapo ningekuwa na heshima zangu mpaka sasa. Lakini akatokea Mzee Mghanga.

Mzee Mghanga ndiye mkuu wa walezi, Mdawida wa milimani mwenye koti la kijani, mtu asiyecheka na asiyenunua haraka. Akalishika blanketi kwa vidole viwili.

"Ngapi?"

"Elfu moja mia tano, mzee wangu, kwa vile kuna mgonjwa."

"Kwenye mgonjwa mnaongeza?"

"Basi elfu moja mia mbili. Hapo nimelia. Mimi mwenyewe nimelinunua elfu moja, uliza sokoni kote."

Akalipima mkononi. "Jepesi."

"JEPESI?"

Wenzangu wa sokoni mnajua kinachofuata. Mteja akisema blanketi ni jepesi, hubishani naye. Unajifunika. Unajifunika gubigubi mbele yake, unazunguka, unainama, aone lilivyoanguka, aone halina tundu, mpaka yeye mwenyewe aanze kutoka jasho. Haijawahi kushindwa. Nikajitupia blanketi kichwani, nikainama mpaka mikono ikashika upau wa ua, mgongo umelala kama meza.

"Tazama! Kushoto linafika chini! Kulia linafika chini! Hili si blanketi mzee, hili ni hema! Familia nzima inaingia!"

Familia ikaingia.

Kitu chenye maji na nywele ngumu kama za brashi kilinigusa mbavuni. Kikapanda. Kikashuka. Kikanipulizia kwapani. Nikataka kupiga ukelele, ukatoka nusu.

"Mama Zuhura." Ilikuwa sauti ya Mzee Mghanga, lakini si ile ya mnunuzi. "Usitingishike."

"Nini hicho?"

"Ni Mraru. Ameingia mwenyewe. Hajamkaribia mtu tangu aje. Nakuomba, mama, kaa hivyo hivyo."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka aamue yeye."

Hanne alikuwa ameshalala kifudifudi vumbini, anapenyeza chupa chini ya pindo la blanketi. "Ongea, Mama," akanong'ona. "Anatetemeka. Ukiongea anatulia."

"Niongee nini na ndovu?"

"Chochote. Usinyamaze tu."

Nyinyi mnaojua nyimbo za kubembeleza watoto mngeng'ara hapo. Mimi kichwani mwangu ilifunguka droo moja tu. Nikaanza, polepole, sauti ya chini, kama nilivyokuwa nikimwimbia Zuhura wangu alipougua surua:

"Blanketi, blanketi... chagua mwenyewe... shika mwenyewe, mama... zito halina tundu... leo ni leo, kesho halipo..."

Mwili ule mdogo ukaacha kutetemeka. Ukaniegemea. Kisha nikasikia midomo inapapasa, inakosa, inapapasa tena. Halafu, tsup.

"Ameshika," Hanne akasema huku analia. "Mama, ameshika! Endelea!"

Sasa, nje ya blanketi mambo yalikuwa yakiendelea bila mimi kuyaona. Saa ya wageni ilikuwa imefika, wakaingia watoto wa shule kutoka Mwatate, darasa zima, wakapangwa kando ya kamba. Walezi wakaweka vidole midomoni. Na watoto wale, sijui wamelelewa vipi, wakanyamaza kimya kabisa. Na mwalimu wao naye akanyamaza. Mwalimu Wakesho. Mteja wangu.

Mimi sikujua. Mgongo ulikuwa unawaka moto, wimbo umeniishia, na mate ya ndovu yalikuwa yanaingia kwenye mkono wa buibui. Nami nikiogopa, wanaonijua wanajua, nahesabu. Basi nikahesabu, kwa sauti ile ile ya kubembeleza:

"Mtumba mmoja, mablanketi arubaini... kila moja nilinunua mia nne... mia nne tu, kipenzi, mia nne... nauza elfu moja mia mbili... nawaambia nimenunua elfu... nao wanaamini, kipenzi, wanaamini... mwalimu wa Mwatate alichukua mawili... akaniambia ahsante..."

Nikairudia. Yote. Tangu mwanzo. Ndiyo desturi yangu.

Ningeendelea hata mara ya tatu, ila kitu fulani kilitokea mle ndani, na hapa sitanii. Mraru aliuzungusha mkonga wake kwenye kifundo cha mkono wangu, akaushika kama mtoto anavyoshika kidole cha mtu barabarani. Kisha akatoa sauti. Sikuisikia kwa masikio. Niliisikia mbavuni, chini sana, kama lori zito linapopita mbali barabara ya Mombasa usiku na kitanda kikajua kabla yako. Alikuwa ananiambia kitu. Au alikuwa anamwambia mama yake. Nikanyamaza. Hesabu ikanipotea, na sikuitafuta.

Chupa ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha.

Mraru akashiba, akarudi nyuma kwa raha zake, na alipokuwa akirudi akaondoka na blanketi.

Basi nikabaki wazi. Nimeinama, mikono kwenye upau, mtandio shingoni, ute wa ndovu mpaka kwenye kiwiko, na makalio yangu, bila kificho, yameelekezwa kwa darasa zima la Mwatate.

Nikageuka. Macho yote yale. Kisichana cha mbele kikainua mkono, kwa adabu kabisa:

"Mwalimu, huyo ndiye mama yake?"

Mwalimu Wakesho akamshusha mkono.

"Hapana, mpenzi," akasema. "Huyo ni mama wa mia nne."

Walicheka watoto. Walicheka walezi. Alicheka dereva wa boda, ambaye, nilikuja kugundua, alikuwa na simu juu muda wote. Nikataka kukimbia, kiatu cha kushoto kikazama kwenye rundo ambalo Hanne alilipia nauli ya ndege aje alizoe. Nikakiacha. Mraru akakiokota, akakikagua, akakiweka kichwani.

Mzee Mghanga alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajifuta macho kwa kofia. Sijui alikuwa anacheka au analia. Nadhani yote mawili.

"Mama Zuhura," akasema, "sasa tuongee bei."

Na mdomo huu huu wangu, ambao haujawahi kumwachia mtu hata hamsini, ukasema, "Chukua tu, mzee wangu. Yote matatu." Nilishtuka kuliko yeye. Nikamtazama Hanne, mweupe kwa maziwa na mwekundu kwa vumbi, na nikaelewa kwamba ugonjwa wake unaambukiza.

Nimefika nyumbani na kiatu kimoja. Nimeoga mara mbili. Simu imelia. Hanne: wamejaribu blanketi lile lile kwa Mzee Mghanga, Mraru amekataa. Wamelijaribu kwake yeye Hanne, amekataa. Anazunguka ua ananusa chini, anatafuta. Chupa nyingine ni saa nane. Nauli ya boda, nimeshaambiwa, ni juu yangu.

Kwa hiyo nauliza, nyinyi wenye busara. Mwalimu Wakesho amesema atapita kibandani Jumamosi nimrudishie chake, na anakuja na walimu wenzake. Niwarudishie ngapi, au nifunge kibanda nihamie Taveta? Halafu Mzee Mghanga anasema ndovu huacha chupa akifika kama miaka mitatu. Mitatu! Mtu anaanzaje kupatana bei na mteja asiye na mfuko?

Msicheke. Nijibuni. Na mwenye wimbo wa kubembeleza usiotaja bei popote, anitumie kabla ya saa nane.