Mluzi katika Jino la Bi Wahida

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo ni leo! Bi Wahida, mama yake Dalila, kaja kliniki kutoka Quionga. Jino la mbele limekatika, umebaki mzizi, na mzizi huo Doutora Fernanda, daktari wetu wa meno, alishautibu. Kazi iliyobaki ni kubandika kwa gundi kijiti cha nyuzi za kioo ndani yake, na jino la bandia juu. Doutora yuko Pemba. Nimejitolea! Posa yangu kwa Dalila inasubiri jibu la mama huyu tangu Idi.

Arlete, msaidizi mwenzangu, kasema mzizi usuguliwe ndani, uoshwe, ukaushwe, la sivyo gundi haitashika. Anajifanya daktari! Mimi nimeupaka mafuta ya karafuu, kama nyumbani jino likiuma, kisha nikabandika. Kumenukia hadi mlangoni. Bi Wahida kaniombea dua.

Jumatano, 8 Oktoba

Jino linacheza. Bi Wahida anasema akipumua linapiga mluzi, na ni mluzi wa marehemu mumewe, Mzee Adamo, aliokuwa akimwitia akitoka kwenye minazi. Nikacheka. Akabana pumzi, akafungua mdomo.

Jamani! Mluzi ukatoka vilevile. Nywele zilinisimama.

Arlete kasema karafuu ndiyo inayozuia gundi kukauka. Wivu tu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepata akili! Nimekwenda Quionga kumwomba Bi Wahida amuulize marehemu kuhusu posa. Kamuuliza kweli, mchana kweupe, kofia ya mzee ingali msumarini. Mluzi mrefu. Kofia ikatikisika, upepo hamna. Bi Wahida akanikazia macho: marehemu anasema kijana huyu hakusafisha mzizi.

Mkulima wa minazi kajuaje? Nikamshuku Arlete. Kaapa hajawahi kufika Quionga, na kweli hajafika. Nimekosa hamu ya kula.

Jumatatu, 13 Oktoba

Doutora karudi, kanifokea mbele ya wagonjwa. Aibu! Arlete kapewa kazi yangu. Kang'oa kijiti, kafuta mafuta yote, kasugua, kaosha, kakausha, kabandika. Jino limetulia kabisa.

Bi Wahida hakushukuru. Alibaki kitini anapumua, anasikiliza. Kimya. Akalia kwa kwikwi, akasema tumemfungia mume wake nje. Nilimwonea huruma, wallahi. Kisha kaninong'oneza: nikililegeza jino Doutora asijue, Dalila ni wangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Doutora na Arlete wamekwenda Olumbi. Bi Wahida yuko njiani. Nilikuwa napanga koleo, mara mluzi, kutoka kwenye kiti cha wagonjwa. Kiti kitupu! Halafu sauti ya mwanamume, taratibu: wewe kijana, usiliguse.

Nimetoka mbio hadi barabarani. Kisha nimefikiri vizuri. Mzee wa watu hahangaiki kumkanya mtu baki. Anayekanywa ni mtoto wa nyumbani. Basi kanikubali!

Nimerudi ndani. Koleo la kulegezea jino linachemka majini.