Malaika, Ng'ombe wa Mitazamo Miwili

Jumatatu, 9 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wateja hakuna hapa dukani kwangu stendi. Imeletwa simu moja tu, iliyoanguka kwenye jaruba la mpunga, ikanitapikia matope mezani. Fundi gani huyu mimi! Lakini leo nimeokoka. Si kanisani. Kwa falsafa.

Mchana mvua ikakatika, nikaenda kumwona Tupokigwe wangu. Yuko likizo, anasoma falsafa chuo kikuu. Nikamkuta anaanika kakao. Nikamuuliza anasoma nini siku hizi, ili nami nionekane mtu. Akasema usasaleo. Akanieleza polepole, huku anageuza kakao. Watu wa kale walisema ukweli upo, umeshushwa kutoka juu, kazi yako ni kuupokea. Wakaja watu wa usasa: ukweli upo, ila tumia akili na vipimo utaufikia, na dunia itazidi kuwa njema. Hawa wa usasaleo wanauliza: kipimo kashika nani? Ile simulizi kubwa ya wote, nani kaitunga? Kila mtu anaona kutoka pale alipokaa.

Nikaduwaa. Kumbe! Baba yake, Mzee Zebedayo, anataka ng'ombe wawili wa mahari Jumamosi hii. La sivyo atamsikiliza Gwamaka, mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, mwenye ng'ombe wawili na majigambo ya ng'ombe kumi. Mimi ninaye mmoja. Lakini mmoja kwa mtazamo wa nani?

Jumanne, 10 Machi

Nimemwogesha Malaika. Ng'ombe mzuri, ila siku hizi mzito kuamka. Namlisha pumba za mpunga ili ajaze nafasi ya wawili. Tumbo limekuwa tumbo hasa! Mjomba Lazaro, mshenga wangu, akamzunguka, akapapasa ubavu, akauliza kama hana mimba. Nikamwambia ni pumba. Mtu wa zamani yule, anapenda kushikashika vitu. Nikaanza kumfundisha usasaleo. Akakumbuka ana jembe lake kwa jirani, akaondoka.

Alhamisi, 12 Machi

Mazoezi ya hotuba ya Jumamosi mbele ya kioo. Nimependeza. Gwamaka akapita na pikipiki, akapunguza mwendo makusudi, akauliza kwa sauti ili stendi nzima isikie kama ng'ombe wa pili yuko njiani. Nikamjibu swali lake limejaa usasa. Hakuelewa. Raha iliyoje!

Halafu chakula kikanishinda. Nikimkosa Tupokigwe nitakuwa nani? Nampenda, jamani. Hilo halina mtazamo.

Jumamosi, 14 Machi

Aibu! Aibu tupu!

Barazani kwa Mzee Zebedayo wazee walijaa. Nikapiga goti, nikaamkia. Malaika kafungwa uani, anatafuna migomba yao bila haya. Nikasimama. Wa kale, nikasema, wangeona ng'ombe mmoja kwa sababu mababu wamesema. Wa usasa wangeona mmoja kwa kuhesabu. Lakini mtazameni kwa mbele: ng'ombe. Zungukeni nyuma: ng'ombe mwingine kabisa! Mama Stella, mama yake Tupokigwe, akanikatiza, akauliza kama huyu ng'ombe ana mimba. Nikamwomba radhi, nikasema mimba nayo ni simulizi tu. Jamani, nilikuwa nimefika patamu.

Mzee Zebedayo akasema ndaga fijo, asante sana, amefundishika. Kwa mtazamo wa kiti chake, ng'ombe amefika ila mkwe hajafika. Basi ng'ombe abaki. Mkwe atafika siku atakayokuja na wa pili. Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa na chai.

Tupokigwe akaomba kusema. Nikajiweka sawa, nikajua natetewa. Akasema usasaleo hausemi kila neno ni sawa. Unataka tuulize anayesimulia anapata nini. Na anayesimulia hapa anapata mke kwa nusu mahari. Mungu wangu! Mbele ya watu! Lakini akamgeukia baba yake, akamwomba anipe muda hadi mavuno, na Gwamaka asubiri. Akasema hajaona mwanaume mwingine aliyejitaabisha na masomo yake kwa ajili yake, hata kama ameyavuruga. Nusura nilie. Hapana, nililia.

Jumanne, 17 Machi

Mjomba Lazaro kaja dukani anahema, kandambili moja mkononi. Malaika kazaa! Ndama jike, keshasimama, keshaanza kunyonya. Mzee Zebedayo amehesabu mwenyewe, kwa kidole: wawili. Mahari imekubaliwa! Gwamaka kapita stendi na hakupunguza mwendo.

Nikamkimbilia Tupokigwe. Alicheka hadi akakaa chini, akanishika mkono. Akasema huo si usasaleo, huyo ni ndama. Ningemjibu mama yake swali moja tu, mambo yangekwisha Jumamosi ileile. Maskini mpenzi wangu. Anasoma sana, lakini hapa hajaelewa. Nilisema wawili, wakanicheka. Leo si ni wawili? Falsafa imefanya kazi!

Jioni kamati ya harusi imekaa kwa mara ya kwanza. Upande wangu tunatakiwa kutoa magunia sita ya mchele. Mjomba Lazaro akaniuliza mbele ya wote ninayo mangapi. Ninalo moja. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikawaomba wajumbe waniambie kwanza: moja kwa mtazamo wa nani?